Ngazi ya Tatu

Tibirinzi, Chake Chake,
Pemba.
10 Shaaban 1446 (9 Februari 2025)

Mpendwa mwanangu Khairat,

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakusalimu wewe, mumeo Hudhaifa na mjukuu wangu Kauthar, nikitaraji kuwa baridi ya Maskati imewapitia kwa wema na kifua cha mtoto kimetulia. Sisi hapa ni wazima wa mwili. Mdogo wako Saada amepona mguu, na karafuu za uani kwake zimeshaanikwa na kuanuliwa. Mimi mjomba wako nala, nalala, nasali kwa wakati. Zaidi ya hayo sina la kueleza kuhusu hali yangu.

Barua hii anakuletea mkononi Hafiz, anayesafiri kuja huko. Nakuomba uisome ukiwa umekaa, na uifikishe mwisho kabla ya kumpigia mtu simu.

Unajua jinsi watu wa mtaa wetu walivyozoea kunisimamisha nizungumze. Kila khitma na kila mkutano wa sheha hutangazwa, "Mwalimu Abdulsamad atatupa historia." Nami kwa miaka thelathini nimewapa historia ya mvua. Kipimo changu kilikuwa ngazi tano za baraza ya nyumba yenu ya bondeni. Mwaka nilioingia darasa la tatu, maji yalifika ngazi ya kwanza, babu yako akawapandisha kuku dirishani. Mwaka mama yako alioolewa, upepo uliezua mabati ya skuli na kung'oa mikarafuu ya mlimani, lakini maji hayakuja. Masika ya mwaka uliozaliwa wewe yalifika ngazi ya pili. Mkunga alivuka viatu vyake vikiwa kichwani. Kisha ikaja vuli ile iliyotuachia kipindupindu: ngazi ya tatu. Hata kimbunga tulichotangaziwa redioni kilipinda kikaenda zake kusini, nasi tukabaki na mishumaa tuliyonunua.

Juma moja kabla ya Ijumaa ile ya Novemba, sheha alituita kwenye baraza ya msikiti kutuambia kuwa mvua inayokuja ni kubwa na walio bondeni wapande kwa jamaa zao. Akanipa nafasi. Nikazitaja ngazi zote kwa miaka yake, nikahitimisha kuwa maji ya Tibirinzi hayajavuka ngazi ya tatu tangu enzi za babu zetu. Mzee Kificho, fundi cherehani, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwalimu, na hayo maji nayo yamesoma skuli kwako?" Watu walicheka. Nami nilicheka. Kisha kila mmoja akarudi nyumbani kwake.

Sikulitaja tuta la barabara mpya lililoziba njia ya maji, wala nyumba ishirini na mbili tulizozijenga mahali palipokuwa na mpunga. Hayo hayakuwamo katika historia yangu kwa sababu yalikuwa hayajapata umri.

Sasa nifike kwa mama yako. Alikuwa ndani ya eda ya marehemu baba yako, Mzee Masoud, amebakiza siku kumi na tisa. Alhamisi nilikwenda kumjulia hali. Akaniambia, "Abdu, mie nipandishe kwa Saada. Ua huu unanuka tope tangu asubuhi."

Nikamjibu, "Dada, mjane hatoki kwa harufu ya tope. Siku kumi na tisa si nyingi, na maji yakija yatasimama ngazi ya tatu."

"Haya, wewe ndo msomi," akasema, akanimiminia chai.

Sheria inamruhusu mwenye eda kutoka panapokuwa na dharura. Naijua, na nimeifundisha. Nilichofanya ni kuamua kwamba dharura haipo.

Maji yaliingia bondeni wakati wa khutba ya Ijumaa, nasi wanaume tukiwa msikitini mlimani. Jirani yenu Nahla aliwapandisha watoto wake, kisha akarudi kumgongea mama yako dirisha: "Bi Khairiya, toka!" Mama yako alimjibu, "Mwalimu kasema yatasimama ya tatu. Nenda na wanao." Saa tisa, yalipopungua, tulimkuta chumbani. Alama ya tope ilikuwa imepita kizingiti cha juu cha mlango. Tulimzika Jumamosi asubuhi.

Mtaa ulisema, nawe uliambiwa kwa simu, kwamba mama yako alikataa kuivunja eda yake akafa nayo. Wanawake wanampigia mfano. Nilikaa kimya, nikapokea mikono ya tanzia huku watu wakinisifia dada yangu. Najua neno hilo limekuliwaza. Aliyekufa maji ni shahidi, na daraja hiyo haipunguzwi na mwanadamu. Lakini mama yako hakukataa kutoka. Juu ya kabati nilikuta furushi lake, kanga iliyofungwa mafundo mawili, tayari kwa kwenda kwa Saada. Alilifunga, kisha akanisikiliza mimi.

Ningeweza kuendelea kunyamaza. Kinachonizuia ni kuwa masika yanakaribia, na nyumba kumi na nne za bondeni zimesharudiwa. Nahla amerudi na watoto wake watatu, kwa kuwa kwa shemeji yake hapakaliki. Juzi nilimkuta Kificho akiirudisha cherehani yake mlangoni, nikamwuliza kama haogopi.

"Ah, Mwalimu! Ile ndiyo kubwa ya mwisho. Si wewe mwenyewe uliyetufundisha kuwa maji yana kiwango chake?"

Hakuwa akinitania.

Ijumaa ya mwisho ya Shaaban kuna khitma ya mtaa, na nimeambiwa nizungumze. Barua hii nimeiandika nakala mbili. Ya pili nataka kuisoma hapo kama ilivyo, mbele ya watu walewale walionisikia. Saada ameshajua yote. Amesema wewe ndiye mkubwa, uamue. Nami naona hivyo, kwa kuwa marehemu ni mama yenu kabla ya kuwa hoja yangu, na sifa aliyopewa ni yenu kuivua au kuiacha. Bila idhini yako sitaisoma. Nitawaambia tu wahame, Kificho atauliza kwa nini, nami sitakuwa na jibu.

Radhi sikuombi sasa. Nitumie kwanza neno moja kwa simu: soma, au usisome.

Furushi analo Hafiz pamoja na barua. Limeshakauka. Kwa nje nimepapasa tasbihi na kitu kama miwani. Mafundo sijayafungua, ni ya mkono wake.

Saada na wanawe wanakusalimu sana. Shehe Khatib anakuombea kila baada ya alfajiri. Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wako, akupe subira, na amhifadhi kila aliye bondeni.

Mjomba wako akupendaye, anayengoja neno lako kabla ya Ijumaa hiyo,

Abdulsamad