Furu Aliyebeba Wanawe Kinywani

Mama Zubeda, mke wangu,

Nakusalimu kutoka Mwanza, kwenye baridi ya asubuhi. Najua unasubiri kusikia kama binti yetu atarudi nami Tanga, kwa kuwa sasa amefiwa na mumewe.

Sisi tulidhani samaki wa rangi wako kwenye matumbawe ya kwetu tu. Leo mwaloni, mahali mitumbwi ya Zubeda inapofikia, nimewaona furu, samaki wadogo wa miambani. Madume ni wekundu kama pilipili mbivu, na mapezi yao ni ya buluu. Wavuvi wake walikuwa wamewakamata wawe chambo cha sangara. Zubeda aliinua jike mmoja wa kijivu, akamtazama kidevu kilichovimba.

"Huyu ana watoto mdomoni. Arudishwe."

"Sasa Mama, sangara wale nini? Wali wenu wa nazi?" mvuvi mmoja alimtania.

"Wapeni madume. Wana kazi gani zaidi ya kujipamba?"

Walicheka, na wanaume wazima wale wakatii. Zubeda alimwachia samaki penye mawe. Kwa hofu samaki yule aliwatema wanawe, wadogo kama punje za mtama. Tulipotulia, alifungua kinywa, nao wakarejea ndani.

Mke wangu, sikumwambia binti yetu neno la kurudi, wala sitamwambia. Wana wa furu bado ni wadogo; wetu amekua, na huku watu wanamtii. Nitakuja peke yangu, na sangara mkavu ambaye Zubeda mwenyewe amekuchagulia. Usinune. Pika wali wa nazi, tumle sangara huyo tukimtaja binti yetu.

Mumeo akupendaye,
Baba Zubeda