Niliwaongezea wazee heshima, lori likawaruka

Mshauri mpendwa, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimefunga mlango wa ofisi ingawa hakuna anayenifukuza, maana kila mtu hapa Kidodi ana furaha wiki hii, ni mimi peke yangu ninayeogopa, na naomba unisaidie kabla ya tarehe ishirini.

Mimi ni karani wa chama cha wakulima wa miwa, nina miaka ishirini na minne, nilisomea kompyuta Morogoro na kazi yangu hii ya kwanza naipenda mno. Msimu huu nilitengeneza programu ambamo kila mkulima ni kifurushi cha taarifa zake, yaani jina, umri, simu, namba ya shamba na siku ya kubebewa miwa, nikakiwezesha kifurushi hicho kujigeuza kuwa mstari wa maandishi, kwa mfano "Elikana 14 Jumanne", na mstari huohuo ndio unaokwenda kwenye simu ya mkulima, ndio unaobandikwa ukutani, na ndio unaosomwa na programu yangu nyingine inayopanga lori, ambayo hukata mstari penye nafasi na kuchukua kipande cha pili kama namba ya shamba.

Sasa mwezi uliopita Mzee Elikana alikuja ofisini ameshika simu, nikamwamkia, akasema, "Marahaba. Binti yangu, hii ni nini? Elikana kumi na nne Jumanne! Naitwa kama mtoto kwenye rejista? Mimi nina wajukuu tisa!" Niliona aibu, mshauri, kwetu hata kaka yangu simwiti jina tupu, basi siku ileile nikaongeza neno Mzee au Bibi kwa kila aliyevuka miaka sitini, nikajitumia ujumbe wa majaribio, ukaja vizuri, nikaenda nyumbani na amani yangu.

Sikukumbuka lori. Kwa wazee kipande cha pili sasa kilikuwa jina, si namba, na ile programu niliiandika kwamba isipopata namba inyamaze na kuendelea na mkulima mwingine. Siku mbili malori yalibeba miwa ya vijana tu, na ya wazee kumi na mmoja ikalala chini, imeshakatwa, inakauka juani.

Wazee wakamwendea Abubakari, mpangaji wa zamu za lori, ambaye kosa lake ni kusoma karatasi niliyompa. Mzee Elikana akamuuliza, "Abuu, siku hizi lori linanusa umri?"

"Mzee wangu, mimi naita waliotoka kwenye mashine."

"Na hiyo mashine yako haina babu?"

Watu walicheka, lakini wengine wakasema vijana wamemhonga, na katibu wetu, Mama Costancia, akamwambia akae nyumbani mpaka mkutano wa wanachama tarehe ishirini, ndipo iamuliwe kama atarudi kazini.

Niligundua kosa mchana uleule, nikaifundisha programu kwamba ikikuta Mzee au Bibi ichukue kipande cha tatu, miwa yote ikafika kiwandani kabla haijaharibika sana, wazee wametulia, Mzee Elikana anamwonyesha ujumbe wake kila anayepita, na Mama Costancia amenisifu mbele ya ofisi nzima kwa adabu yangu. Jana nilimkuta Abubakari anatengeneza banda la kuku, akasema, "Usinionee huruma, mdogo wangu, kuku hawa hawajawahi kunipata kwa muda mrefu hivi," akanipa mayai matatu. Sijaweza kuyala. Mshauri, kama mashine imepona na watu wana furaha, ni lazima niseme? Na wakinifukuza?

Karani mwenye hofu, Kidodi

*

Karani, marahaba. Nimecheka mpaka nilipofika kwenye mayai, hapo nikakasirika.

Tuanze na mashine, maana unasema imepona. Haijapona, umeifunga kitambaa tu. Siku akijiunga Mchungaji, au Hajati, lori litampita yeye pia. Barua yako nilimsomea mpwa wangu Ditram, anayetengeneza programu hapa Mikumi, akashika kichwa: "Shangazi, huyu anatafuta namba ya shamba ndani ya salamu!" Ndivyo ulivyofanya, binti. Mstari ule ni wa macho ya watu, na wenye macho wana haki ya kuomba ubadilishwe. Mzee Elikana hakukosea. Programu ya lori isiukate mstari huo hata siku moja, ikiulize kifurushi chenyewe: shamba lako namba ngapi? Ikikosa jibu ipige kelele, isimruke mtu kimyakimya.

Ditram ameongeza mengine. Weka na jina la ukoo, maana akija Elikana wa pili mtapigana. Namba ya simu isionekane kwenye mstari unaobandikwa ukutani, kila mpita njia anausoma. Na mkulima ambaye hajapewa shamba, mstari wake useme hivyo wazi, usivunjike wala kubaki na pengo. Kazi ya kugeuza taarifa kuwa maandishi ni kuzieleza tu, isibadilishe chochote njiani. Na ukibadilisha mstari tena, kabla ya kuondoka ofisini jiulize nani mwingine anausoma.

Hiyo ni kazi ya siku moja. Hilo lingine umelikalia siku zote hizi.

Unauliza kama ni lazima useme. Abubakari anatengeneza banda kwa kosa lako, anakupa mayai, nawe unapokea sifa za adabu! Adabu gani hiyo? Naelewa hofu yako, ajira ya kwanza ni tamu na huenda nyumbani wanakutegemea. Lakini programu hiyo siku moja itasomwa na mtu mwingine, naye ataona ulichokiziba na tarehe uliyokiziba. Afadhali wasikie kwako. Kuhusu kufukuzwa, siwezi kukuahidi kwamba hawatakufukuza, ila najua chama chenye karani mmoja wa kompyuta hufikiri mara mbili, hasa karani huyo akija na kosa mkononi pamoja na dawa yake.

Kwa hiyo leo nenda kwa Abubakari, usimtumie ujumbe. Mwambie yote, hata kama kuku wanasikia. Kesho asubuhi mpelekee Mama Costancia karatasi mbili, mstari wa zamani na mstari mpya, umwonyeshe kwa kidole mahali lori lilipopotea, na umwombe nafasi ya kuzungumza tarehe ishirini kabla jina la Abubakari halijatajwa.

Heshima ya wazee uliiandika siku moja ikatosha. Ya Abubakari itatoka mdomoni mwako, ukiwa umesimama, mbele ya watu walewale waliomcheka. Ukishakaa chini, rudi nyumbani ukakaange mayai yako.