Nguzo za marumaru kwa nyumba ya udongo

Fundi mwenzangu,

Jina yako sijue. Kitabu ya mapicha yako niliikuta soko ya Tsoka, Lilongwe, jalada imepasuka. Mwalimu mumoja wa hapa kambi ya Dzaleka njo alinisomea: ulikuwa Mwingereza wa wakati ya Malkia Victoria, ulichora Baroma ba zamani na nyumba zabo za marumaru, ulishakufa. Basi nakuandikia. Mwandiko yangu mubaya, lakini kwa rangi hakuna wa kunifikia kambini. Vibao vyote vya maduka ni mukono yangu.

Marumaru yako niliisoma mwaka muzima. Mishipa ya kijivu nilivuta kwa unyoya ya kuku. Nikachora nguzo ine mbele ya nyumba, rangi ya mafuta. Bantu walikuja kuzigusa, baone kama ni baridi!

Kila mwaka mvua ikikata, Mapendo, bibi niliyeoa, anasiriba ukuta na udongo. Nikamukataza. Miaka mbili! Rangi ikafungia maji ndani, ukuta ikavimba, matofali mabichi ikaanza kumwagika. Jirani akipita: "Papa Roma, nguzo zako zinatoka jasho!" Mapendo akasema: "Unataka ituangukie kwa sababu ya picha?" Mi si mutu wa kushindwa.

Siku moja nilirudi kutoka Lilongwe, nikakuta udongo mubichi toka mlango mpaka dirisha. Nguzo zote, hakuna. Siku tatu sikugusa nsima ya Mapendo, ile ugali ya hapa.

Siku ya ine nikapeleka kitabu kwa mwalimu, na hasira yangu: huyu muzungu, bibi yake alimuachia kuta zake? Akacheka. "Papa, hiyo Roma ilianguka kabla ya babu ya babu yake kuzaliwa. Hakuiona hata siku moja."

Kumbe ulichora kitu ilishaisha, na ikasimama!

Nilirudi, nikakula. Mapendo alinisogezea mboga.

Sasa yeye anasiriba, mi nachora, kila mwaka. Rangi ya mafuta niliacha, chokaa na makaa inatosha. Na katikati ya nguzo zako niliweka ziwa ya kwetu Uvira, Congo, na nyumba ya baba yangu, ile ilichomwa. Mapendo akiipita anashika kidogo mlango yake, ile ya kuchora.

Aksanti, fundi. Zikomo. Pumzika vizuri kule uliko. Mvua imekata, udongo ya Mapendo bado inakauka. Ikikauka, naanza na nguzo ya karibu na mlango. Nakuahidi: mwaka huu itapita zako.