Kabula Ameshika Maiki

Nzega, Jumamosi jioni. Wingu lilisimama juu ya stendi mchana kutwa, likatunyima mvua. Joto tu. Lakini mimi leo hata joto silisikii.

Asubuhi uji niliusahau mpaka ukaganda. Binti yangu Kabula alikuwa anakwenda kutafsiri katuni ya Kijapani kwenye kibanda cha video cha Baba Pili. Picha inakwenda, mtafsiri ameshika maiki, anasema kwa Kiswahili papo hapo. Kwetu hapa hiyo ni kazi ya wanaume. Baba Pili alimwambia wazi: watu wakianza kutoka, unanirudishia maiki yangu na usiniombe tena.

Katuni yenyewe ni ya yule msichana jikedume ambaye Kabula anampenda tangu utotoni. Wajapani hawamchoki. Kwanza alikuwa wa kwenye kitabu, nywele fupi kama shamba lililochomwa moto, anaruka mapaa. Wakamfanya katuni, akawa anapigana kwa fimbo. Sasa wamemtoa upya: sketi, macho makubwa, kila saa analia. Kabula alinuna wiki nzima.

"Mama, wamemlainisha. Nikipewa maiki, namrudisha."

Mimi niliishia darasa la nne, sijui mtu wa kwenye picha anarudishwaje. Ninachojua ni maneno ya watu. Kabula naye ananyoa, anaendesha baiskeli ya mizigo, na wanasema.

Nilimwogopea.

Nikakaa nyuma karibu na mlango, niwaone wanaotoka.

Alianza vibaya. Sauti inatetemeka, picha inamwacha. Vijana wawili wakainuka. Mzee Shija, Msukuma, mtani wetu, akapaza sauti kwamba huyo jikedume wa Kinyamwezi atamposa yeye, ng'ombe anao. Kibanda kizima kikacheka.

Msichana wa kwenye picha akafungua mdomo. Kabula akamsemea: "Babu, ng'ombe wako nimepishana nao njiani, wamekonda. Kawanyweshe kwanza, posa baadaye."

Wale wawili wakakaa.

Basi akamshika msichana wake. Safari ya mlimani akaifanya ya kutoka Tura kwa miguu, mzigo kichwani, kama babu zetu wapagazi. Mpaka tukafika pale Kabula alipokuwa anapaogopa: msichana amepiga magoti, analia, kijana wake anamwambia amwachie yeye kila kitu. Machozi yapo kwenye picha, huwezi kuyafuta. Kabula akaisogeza maiki mdomoni. Kisha akasema taratibu:

"Nalia, ndiyo. Nikimaliza nitabeba. Wewe beba wako, mimi nina wangu."

Jamani, hayo ni maneno yangu.

Nilimwambia siku tuliyohama baada ya msiba wa baba yake, kila mtu na furushi lake. Alikuwa mdogo, anachezea kamba ya furushi. Sikujua kama alisikia.

Watu walipiga mabenchi mpaka vumbi likapanda. Hakutoka hata mmoja. Baba Pili akamwambia sehemu zote za katuni zilizobaki ni zake.

Nje, Mzee Shija akavua kofia, akainama mbele yangu. "Shikamoo, mama mkwe."

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia. Mzee mzima. Tulicheka hadi nikashika ukuta.

Sasa Kabula yuko jikoni, sauti imemkauka, analamba asali niliyompa. Namtazama tu.

Nimemwambia mangapi mengine, nikidhani hasikii?