Usingizi wa Bobi

Kadutu, Bukavu, 9 Machi 2024

Yaya Fabiola, mkubwa wangu,

Habari za Lubumbashi na za wanafunzi wako? Hapa tuko, Mungu anasaidia. Papa anakula na kulalamikia chumvi, kwa hiyo iko muzima. Shida ni Bobi. Mbwa huyu amegeuza siku: mchana analala mlangoni mpaka wateja wangu wa makaa wanamruka kama gogo, usiku hayuko mahali pake. Asubuhi miguu yake imejaa matope. Nilimwambia Papa tumtafutie dawa, akanijibu, "Mumuache, anachoka na kazi." Nikamuuliza kazi gani, akacheka. Wewe unayefundisha mambo ya wanyama, tuambie ana nini.

Mdogo wako,
Godelive

Lubumbashi, 24 Machi 2024

Mdogo wangu Godelive,

Salamu zako zimenikuta na mafua, zikanichangamsha. Mwambie Papa chumvi aipunguze kweli.

Mbwa anapozeeka, usingizi wake hubadilika kwa sababu nyingi ambazo kwa macho hufanana. Huenda viungo vinamuuma anapolala penye baridi. Huenda masikio yamefifia, ndiyo maana hawasikii wateja. Huenda pia akili yenyewe imechoka, ikapoteza mpaka kati ya usiku na mchana. Mbwa wa namna hiyo huzurura bila kujua anatafuta nini. Naelekea kwenye sababu hii ya mwisho, na matope uliyoyataja yananisukuma huko, ingawa kumpima mnyama kwa barua si jambo la kujivunia. Jaribuni hivi: mchana msimwache alale mfululizo, jioni mtembezeni kidogo, usiku mfungieni jikoni juu ya gunia kavu mpaka mwili ujifunze upya. Kama nimekosea, hatapungukiwa na kitu.

Yaya wako,
Fabiola

Kadutu, 21 Aprili 2024

Yaya,

Umepona mafua? Huku mvua haituachi, lakini tuko salama.

Docteur wa mbwa, umeshinda. Mwanzoni Bobi alikwaruza mlango wa jiko na kulia kama mtoto mchanga, na Papa akaja kunigombeza: "Godelive, munafunga muntu." Nikamwambia, "Papa, ni yaya amesema." Akarudi kwenye kiti chake, unajua neno lako kwake ni Injili. Sasa Bobi analala mpaka jogoo awike, na mchana anawabwekea wateja. Aliyebaki kusinzia kwenye kiti ni Papa. Juzi nilimwamsha ale, akaniambia, "Marie-Louise, umechelewa kutoka soko." Tangu tumzike maman mwaka jana, sikuwa nimemsikia akilitaja jina lake. Tulicheka wote wawili, kisha nikampa chakula.

Mdogo wako,
Godelive

Lubumbashi, 5 Mei 2024

Mdogo wangu,

Mafua yamekwisha, na barua yako imenifurahisha kuliko inavyofaa. Niliwasimulia wanafunzi habari za Bobi, nikawaonya kwamba kisa kimoja hakithibitishi kitu, huku moyoni nikiamini kimethibitisha. Papa kumtaja maman ni huzuni iliyopata sauti baada ya kunyamaza muda mrefu. Ndivyo nionavyo, isikutishe. Endeleeni kumfungia Bobi.

Yaya wako,
Fabiola

Kadutu, 2 Juni 2024

Yaya,

Sijui salamu nizianzie wapi. Tuko hai sote. Papa iko hospitali.

Jumanne asubuhi nilikuta mlango wazi na kitanda kitupu. Tulimpata chini kwenye njia ya ngazi, ndani ya mfereji, amelowa, paja limevunjika. Alisema anaenda sokoni kumpokea maman. Jirani yetu Maman Bintu, ambaye ana mtoto wa kunyonya na hulala kidogo, alinitazama kwa mshangao. "Nilizani munajua. Muzee anapitaka hapa usiku na mbwa yake tangu Noeli. Wakifika kwa bomba, mbwa inamukamata suruali, wanarudia. Siku hizi alikuwa peke yake, nikajiambia mbwa imekufa."

Wewe sikulaumu. Ufunguo wa jiko nilikuwa nao mimi.

Godelive

Lubumbashi, 12 Juni 2024

Mdogo wangu,

Nakusalimu, na Papa pia, kama bado anaifahamu salamu yangu.

Matope yalikuwepo tangu barua ya kwanza. Niliyaingiza katika hoja niliyokuwa nayo tayari. Hata sasa sina hakika kwamba Bobi alijua anachofanya. Labda kwenye bomba ndiko uliko mwisho wa eneo lake, na kuliita jambo hilo ulinzi ni haraka yangu ile ile, imegeuka upande tu. Lakini alikuwa akimrudisha, nami nikaagiza afungiwe. Hapo shaka yangu haipati pa kuingia. Niliandika aya nzima juu ya usingizi wa mbwa. Wa baba yetu sikuuliza. Niambie, Papa analalaje?

Yaya wako,
Fabiola

Bukavu, 20 Juni 2024

Yaya,

Barua imefika. Mfupa unashika polepole, kifua bado kinamsumbua.

Umeuliza. Mchana Papa analala, hata wakimchoma sindano. Usiku anaketi, anashusha mguu ulio mzima, anamwita Bobi. Namwambia hospitali hairuhusu mbwa kuingia. Anasema, "Si kitu, tutamungojea," na kutazama mlango. Nyumbani nimeacha jiko wazi, lakini Bobi amezoea, hatoki.

Nakuomba uje. Mchana nauza makaa, usiku nakaa na Papa, na kuna saa nasinzia bila kujua. Jana niliposhtuka, alikuwa nusu nje ya kitanda.

Mdogo wako,
Godelive