Vigingi vya Kamba Kumi

Mama,

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu, hata Baba. Zile siku za bamvua, maji yakitoka mbali, ulipokuwa ukiniita twende tukafunge mwani nami nikisema kesho nina jaribio, mara nyingi sikuwa na jaribio lolote. Nilibaki ndani na kitabu cha hadithi. Niliona haya wenzangu wa skuli wasije wakanikuta na kamba za mwani kichwani. Wewe ukisema tu, "Haya, soma mwanangu," unamchukua mdogo wangu Sele, mnakwenda.

Sasa Sele yuko darasa la nne, na Jumatatu ana mtihani wa taifa wa hisabati. Tangu tulipomaliza hitima yako, mimi ndiye ninayemsomesha. Baada ya alasiri tunakaa barazani na karatasi za mazoezi alizotupatia Mwalimu Faki. Kujumlisha anajua. Sehemu zinampiga chenga. Saba bado anaigeuza nyuma mbele, na nikimsahihisha ananuna, wewe hukuwa ukinuniwa.

Juzi tukafika kwenye swali hili: mkulima wa mwani ana kamba kumi, kila kamba hufungwa kwenye vigingi viwili, anahitaji vigingi vingapi?

Sele akaandika kumi na moja.

Nikamwambia ni ishirini, kumi mara mbili. Akanitazama kama mimi ndiye wa darasa la nne. "Kamba za Mama kumi, vigingi kumi na moja. Mimi nilikuwa navishika, yeye anagonga. Wewe hujapata kuja." Nikamwonesha majibu nyuma ya karatasi. Akasema aliyeandika karatasi hajafunga mwani maisha yake. Nikampa kifutio. Akaanza kulia, Mama. Akasema ninamwambia kuwa ulikosea.

Niko Kidato cha Tatu, hisabati naipenda, na swali la darasa la nne limenishinda. Akiandika kumi na moja, atakosa. Akiandika ishirini kwa sababu nimemlazimisha, atakuwa ameelewa nini? Na mimi ni nani wa kubishana naye, wakati hata shamba lako silijui liko upande gani wa pwani? Ningekuuliza wewe. Kila nikifikiri nafika hapo, kwamba ningekuuliza wewe, halafu nasahau nilikuwa nafikiri nini.

Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lako, Mama. Nakuaga kwa leo. Nakuahidi Sele hatoingia chumba cha mtihani akidhani ulikosea.

Hapo ndipo nilipokomea jana. Leo asubuhi maji yalipotoka nilimwomba Bi Mize, jirani yetu anayekuangalizia mwani wako, tufuatane. Akacheka, "Makubwa! Bibi vitabu leo kaja pwani!" Nikavua viatu, Sele akatangulia. Nikahesabu kigingi kimoja kimoja. Kamba zako umeziunganisha, kigingi kimoja kinashika mwisho wa hii na mwanzo wa ile. Kumi na moja.

"Si nilikwambia?" akasema Sele.

Bi Mize akanipa kamba tupu. Nikaipeleka kando, nikamuuliza Sele hii peke yake inataka vigingi vingapi. Viwili. Na zikiwa kumi, kila moja peke yake, hakuna inayogusana na mwenzake? Akazitazama zako, akaitazama hiyo mkononi mwangu.

"Ishirini," akasema. "Lakini huyo mkulima hana akili."

Nikamwambia mtihanini watamuuliza habari za huyo huyo, ajibu hivyo hivyo. Akakubali. Sijui kama nimemfundisha hisabati au nimemfundisha kitu kingine.

Kisha nikainama kufunga mwani. Fundo langu la kwanza lilifunguka. Sele akanionesha, nikafunga tena, na tukaendelea hivyo mpaka maji yalipoanza kujaa, tukarudi nyumbani.