Ufito wa Baba

Chawia, 4 Juni 1956

Kwa mdogo wangu Mwandawiro,

Pokea salamu za baridi ya huku. Mimi mzima, watoto wanakohoa kidogo. Wewe na vyerehani vyako je?

Baba amevimba miguu na chakula hakipiti. Wazee wanasema kuna mtu wake mwenye hasira moyoni, na hasira hiyo ndiyo inayomla. Baba mwenyewe akakutaja. Anaomba uje umtasie: uchukue maji mdomoni, uyapulize, useme moyo wako umekuwa mweupe. Sote hapa tunajua kwa nini ni wewe.

Dada yako, Wakio

Voi, 11 Juni 1956

Dada,

Salamu zimefika. Afya ipo, joto limezidi.

Nilikuwa na miaka kumi ukoma uliponishika, nikajengewa kibanda peke yangu kule chini. Baba alinisukumia sahani kwa ufito, kama anayemlisha chui. Daktari alinipa cheti cha kupona, lakini hakuna aliyekuja kunichukua. Vyerehani hivi vitatu nimevinunua mwenyewe, na bado nakata nguo nyuma ya pazia, wateja wasikimbie uso wangu.

Nikipuliza maji na hasira imebaki, si nitakuwa nimemwua? Nimeutafuta huo moyo mweupe. Sina.

Mdogo wako

Chawia, 20 Juni 1956

Ndugu yangu,

Hujambo huko? Huku hatujambo isipokuwa yeye. Analala akitazama mlango. Jana aliniuliza pua yako imebaki kiasi gani. Nikamjibu, "Inatosha kupumulia." Akacheka, kisha akageukia ukuta.

Wakio

Voi, 2 Julai 1956

Dada mpenzi,

Mzee yuko hai? Nijibu hilo kwanza.

Juzi lilikuja gari la sinema, wakatundika shuka ukutani pa stoo. Fundi wangu Kitheka akanitania, "Bosi, twende, gizani sote ni wazuri!" Nikaenda. Picha ni ya zamani za wafalme na farasi. Kuna kijana uso umeliwa, anavaa gunia lenye matundu mawili na kupiga kengele watu wampishe. Babake anamwekea mkate darajani, halafu anakimbia. Voi nzima ililia! Katuku wa maziwa, anayeniwekea kikombe chini asiguse mkono wangu, alilia kwa kwikwi. Alipogeuka akaniona, akahama.

Lakini mimi nilitazama mkono wa yule baba. Ulitetemeka. Ndipo nikakumbuka: ufito nao ulikuwa ukitetemeka, mpaka uji unamwagika. Nimeitafuta hasira yangu tangu juzi, dada, siioni.

Nina kaptula arobaini za shule za kumaliza. Nitapanda huko Jumamosi ya tarehe 14. Weka maji tayari.

Mdogo wenu

Chawia, 9 Julai 1956

Mwandawiro,

Sijui nikusalimu vipi. Baba tulimzika Jumamosi. Barua yako nimeipata leo, nikaisoma kwa sauti mlangoni pake, kama mjinga.

Ule ufito, mama alitaka kuushika yeye. Baba alikataa asiuguse mtu mwingine.

Maji niliyaweka kwenye kibuyu siku ile ya kwanza nilipokuandikia, na kila asubuhi nikayabadilisha. Leo pia nimeyabadilisha. Sasa sijui niyamwage wapi.

Dada yako